Joho la Lugembe na Kijoho cha Kashindye

Enzi zile ukifika Itetemia ukauliza nyumba ya Kashindye, watu walikurudishia swali: Kashindye yupi? Ukisema yule mkulima wa tumbaku walitikisa vichwa, maana ni nani Itetemia hakuwa mkulima wa tumbaku. Ukisema yule anayemwitikia Lugembe, vidole vyote vilielekea upande mmoja, na mtu mmoja alijitolea kukufikisha mpaka mlangoni huku akikusimulia habari za Lugembe njia nzima. Minza, mkewe Kashindye, aliitwa huko kisimani mke wa mwitikiaji. Mbuzi wao aliitwa mbuzi wa mwitikiaji, na kwa jinsi alivyokuwa akiwatazama wapita njia, hata yeye alionekana kutoridhika.

Lugembe alikuwa manju. Katika ngoma za Unyamwezi manju ndiye anayesimama mbele, anayeanzisha wimbo, anayewatukana wapinzani kwa majina yao na kujisifu kwa jina lake. Mwitikiaji husimama nyuma ya bega lake la kushoto. Kazi yake ni kuudaka mwisho wa mstari kabla haujaanguka, awatupie wachezaji waupokee. Manju akisahau maneno, mwitikiaji humnong'oneza. Manju akikaukiwa koo, mwitikiaji huvuta sauti mpaka mwenzake amalize kumeza mate. Ngoma ikiisha manju hupewa kuku, na mwitikiaji huambiwa kwamba ana subira nyingi.

Subira hiyo ilikuwa ya ukoo. Babu yake Kashindye alikuwa mpagazi katika misafara ya pembe, Tabora mpaka Bagamoyo na kurudi, na kila msafara ulikuwa na kirangozi wake. Kirangozi alitangulia mbele, joho jekundu mgongoni, manyoya kichwani, mzigo wake mwepesi kuliko ya wote. Aliimba mstari mmoja, na wapagazi nyuma yake wakaitikia huku pembe zikiwakata mabega. Babu alikuwa akisema kwamba pembe ya ndovu si kitu, mtu huizoea. Kilichomchosha ni kutoa pumzi ya kumwitikia mtu asiye na mzigo. Kashindye alikua akiicheka hadithi hiyo, kisha akakua zaidi, akaacha kuicheka.

Maana kulikuwa na jambo ambalo chama kizima cha ngoma kilijua na hakuna aliyelisema. Nyimbo alikuwa akitunga Kashindye. Zilimjia shambani, jembe likiwa mkononi, na jioni alizipeleka kwa Lugembe kama mtu anayepeleka maziwa. Lugembe alizionja, akatia jina lake pale panapotiwa jina, na Jumapili Unyamwezi nzima ikasikia "Mimi Lugembe, simba wa Itetemia." Tusimwonee Lugembe. Lile koo lilikuwa koo kweli. Alipofungua kinywa Itetemia, wanawake wa kijiji cha pili waliacha kutwanga wakasikiliza. Wimbo wa Kashindye kinywani mwa Kashindye ulikuwa wimbo mzuri, na kinywani mwa Lugembe watu walitoka majumbani.

Kingine ni hiki: Lugembe hakuwahi kumwita kwa jina. "Wee bwana, lete ngoma." "Wee bwana, mstari wa pili unasemaje?" Walikuwa wamecheza pamoja tangu ujana, tangu bendera ya Mwingereza ikipepea bomani, bendera ikashushwa, ikapandishwa nyingine, nchi ikapata jina, na Kashindye bado alikuwa wee bwana.

Basi akatunga wimbo mmoja ambao hakuupeleka jioni. Ulikuwa wimbo wa kuuliza na kujibu. Manju anauliza, mwitikiaji anajibu neno moja tu, na neno lenyewe ni jina lake Kashindye.

"Aliyetangulia alivaa joho, mzigo alibeba nani?"

"Kashindye!"

"Aliyeimba alipewa kuku, wimbo alitunga nani?"

"Kashindye!"

Minza aliusikia kwa mara ya kwanza akiwa anapepeta mtama, akaweka ungo chini. "Baba Shija, wimbo huo ukifa nao bila kuuimba mbele za watu, mimi nitaolewa na mtu mwingine na kumweleza kwamba mume wangu wa kwanza alikuwa wee bwana."

Kashindye akajikaza, akaenda kwa Lugembe, akamwimbia wimbo wote wakiwa wawili tu nyuma ya nyumba. Lugembe alisikiliza macho yakiwa chini. Kashindye alipomaliza, Lugembe alikuna goti. "Wimbo mzuri," alisema.

"Nataka niuimbe mimi. Siku moja tu. Wewe uniitikie."

"Tutaona," alisema Lugembe.

Mtu mzima akikwambia tutaona, hakuna utakachoona. Misimu ilipita, tumbaku ikavunwa na kukaushwa na kuuzwa, likaja Azimio la Arusha, kila mtu akaambiwa sasa sote ni sawa, na Lugembe bado alikuwa akisema tutaona.

Ikawa siku moja Kashindye amekwenda mjini, mtaa wa Mtendeni, kwenye duka la Badrudin, kununua karanga. Badrudin alikaa ndani akipima, na mkewe Shahida alikaa barazani na cherehani yake akishona. Karanga zilifungwa katika karatasi. Siku nyingine karatasi ilikuwa gazeti, lakini siku hiyo ilikuwa ya picha za rangi. Mtoto wao wa kiume, aliyekuwa bweni wakati wa ukoloni na sasa yuko Dar es Salaam akivaa tai, aliacha nyumbani sanduku zima la vitabu vya katuni vya zamani. Shahida alikuwa akivichana kidogo kidogo, kifurushi kwa kifurushi.

Kashindye alikula karanga, kisha akaikunjua karatasi. Aliona bwana mmoja mwenye kifua cha fahali, joho mgongoni, kitambaa machoni, na chupi juu ya suruali. Pembeni yake alikuwepo mwingine, mdogo wa umbo, mwenye kijoho. Katika picha ya kwanza bwana mkubwa alimpiga mtu ngumi. Katika picha ya pili mdogo alikuwa amefungwa kamba kwenye kiti. Katika picha ya tatu bwana mkubwa alimpiga mtu mwingine ngumi. Kashindye aligeuza upande wa pili, akamkuta mdogo amefungwa kwenye reli na treni inakuja.

Siku ya pili alirudi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karanga tena?"

"Karanga baadaye. Nisomee hapa. Huyu mdogo anasema nini?"

Shahida alivaa miwani. "Anasema, 'Umeweza tena, bwana mkubwa!'"

"Na hapa?"

"'Angalia nyuma yako, bwana mkubwa!'"

"Na hapa kwenye kiti?"

"Hapa wamemziba mdomo. Anasema 'mmmm'."

Kashindye alifikiri. "Hiyo mmmm ndiyo kauli yake ya kweli. Jina lake nani?"

Shahida alipekua sanduku. Jina la mkubwa lilikuwa kwenye kila jalada, herufi kubwa kama za mabango ya treni ya Kigoma kule stesheni. Jina la mdogo hakuliona. "Labda lilikuwa kwenye kile kitabu kingine," alisema, "lakini hicho nilifungia bizari mwezi uliopita."

Jambo hilo lilimkera Kashindye kuliko alivyotarajia. Alirudi Itetemia na kurasa kibindoni, na njia nzima alimwonea huruma yule mtu mdogo asiye na jina, anayefungwa kila siku ili mwenzake apate mtu wa kumfungua. Akili ikamtuma kumwonyesha Lugembe. Alitaka kumtania. Alitaka aone, aaibike kidogo, halafu labda aseme neno jingine badala ya tutaona.

Akamwekea picha mapajani. "Huyu ni wewe," akamwambia.

Kosa likawa hapo. Lugembe aliitazama picha muda mrefu. Aliangalia kifua, akaangalia joho. Mdogo wa kwenye kiti hakumwona kabisa, ingawa alikuwa katikati ya ukurasa.

"Wee bwana," alisema Lugembe taratibu, na machozi yalikuwa karibu kumlenga, "huyu ni kirangozi. Hawa wazungu nao walikuwa na virangozi! Na anaruka. Msimu huu Usoke, na mimi nitaruka."

Usoke ndiko kulikokuwa na shindano kubwa, tumbaku ikishauzwa na watu wakiwa na furaha. Sheria za mashindano ya huko ni rahisi. Vyama viwili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, na watazamaji wenyewe ndio hakimu. Wakivutiwa huku wanakuja huku, wakichoka wanahamia kule. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo mtu huleta lolote la kuvuta macho, awe nyoka, awe fisi wa matambara, hata baiskeli inayoendeshwa kinyumenyume. Mpinzani wao alikuwa Silasi wa Usoke, ambaye mwaka uliotangulia alicheza na chatu shingoni akachukua uwanja wote, na Lugembe alikuwa hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Wakaenda kwa Shahida wote wawili. Shahida alikuwa na pazia kuukuu la kijani la sebuleni, na kwa joho lilifaa. Ugomvi ulikuja kwenye vazi la chini.

"Chupi juu ya suruali sishoni," alisema Shahida. "Mimi nina heshima zangu hapa Mtendeni. Wanangu wataoa kwa nani?"

"Mama, lakini picha inaonyesha," alisema Lugembe.

"Picha inaonyesha mtu aliyeamka amechelewa akavaa gizani. Nitakushonea kaptula."

Akamshonea kaptula nyekundu ya kuvaliwa juu ya suruali, na Badrudin akatoka dukani kuja kuangalia, akarudi ndani haraka na mabega yakimtikisika. Kipande cha pazia kilichobaki Shahida alikitia pindo, akampa Kashindye. Kilikomea mbavuni. "Na wewe usikose," alisema kwa upole. Kashindye alikivaa akajiona kama meza ndogo iliyotandikwa kitambaa.

Siku ya mazoezi alikuja katibu wa tawi la Chama kuhakikisha ngoma inakwenda na siasa. Alifurahia sana rangi ya joho, akisema kijani ni rangi ya Chama, na akina Lugembe wakamwacha aamini kwamba walilifikiria hilo. Kisha akaomba aone picha, na uso wake ukaanza kukunjamana. Alitaka kujua katika hawa wawili nani mkulima na nani kupe.

"Huyu mkubwa anafanya kazi gani?" aliuliza.

"Anaruka," alisema Lugembe.

"Kuruka ni kazi?"

"Ukiruka vizuri ni kazi."

"Na huyu mdogo?"

"Huyo anafungwa," alisema Kashindye, na katibu akamtazama kwa muda, akaandika kitu, akafunga kalamu, akasema waendelee lakini waongeze ubeti wa kilimo cha pamoja. Kashindye akatunga ubeti usiku huohuo, na Lugembe akautia jina lake.

Kabla ya safari Kashindye aliomba tena. "Picha niliileta mimi. Joho nililitafuta mimi. Ubeti wa katibu nimetunga mimi. Usoke nipe wimbo wangu mmoja."

Lugembe alikuwa akijitazama kwenye kioo cha mkono, akigeuka ili joho lijae upepo. "Tutaona," alisema.

Walipanda treni ya Kigoma, behewa la daraja la tatu, ngoma zikiwa kwenye mapaja. Kashindye alibeba ngoma kubwa, akabeba na kifurushi cha joho ili lisikunjike. Minza alimsindikiza stesheni, akamwambia neno moja tu kupitia dirishani: "Leo." Treni ikaondoka kabla hajamjibu.

Pale Usoke palikuwa na ghala la tumbaku lenye mlango wa juu, chini ya paa, ambako marobota yalivutwa kwa kamba iliyopita kwenye kapi, lile gurudumu dogo la chuma linaloning'inia kwenye boriti. Mpango wa Lugembe ulikuwa huu. Atajificha mlango wa juu, kamba imezungushwa kifuani chini ya makwapa. Ngoma zikipamba moto atatokeza, atajitupa hewani mikono imekunjuliwa, joho linapepea, naye akishuka taratibu huku anaimba mpaka atue mbele ya ngoma. Wa kuishika kamba huko chini na kuishusha kidogo kidogo alikuwa nani? Hilo halikujadiliwa hata kidogo.

Alasiri ikafika na vumbi lake. Silasi alikuwa upande wa reli na chatu yuleyule, mnene zaidi ya mwaka jana, na watu walikuwa wamemzunguka tele. Ngoma za Itetemia zikaanza. Wachache wakageuka. Ndipo mlango wa juu ukafunguka, na Lugembe akatokeza na joho la kijani, kaptula nyekundu na kitambaa machoni. Uwanja mzima ulipiga yowe. Watu walimwacha Silasi na chatu wake wakaja mbio, kina mama na watoto migongoni. Lugembe akakunjua mikono, akaruka.

Alishuka vizuri kwa muda mfupi sana. Upepo ulitoka chini ukalichukua joho, ukalipandisha juu ya kichwa chake, ukalilaza juu ya upande wa kamba uliokuwa ukipanda, na kamba ikaenda nalo mpaka kwenye kapi. Kapi likauma pazia la Shahida likakataa kuachia. Lugembe akasimama hewani, usawa wa paa la nyumba, akaanza kuzunguka polepole, mara anawaonyesha watu uso, mara anawaonyesha kaptula.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini kicheko hakikai siku nzima. Lugembe alijaribu kuimba, na kamba iliyombana kifua haikumpa pumzi ya mstari. Alitoa neno moja, akahema. Neno jingine, akahema. Silasi si mjinga. Akamvalisha chatu kofia, akaanza wimbo mpya wa kumtukana mtu aliyeanikwa kama tumbaku, na watu wakaanza kuinuka, wakijipangusa vumbi na kuelekea upande wa reli.

Kashindye alivuta kamba, akalegeza, akavuta. Haikwenda juu wala chini. Akaifunga kwenye nguzo, akawatuma vijana wawili wakaazime ngazi stesheni. Kisha akasimama. Kisu cha kukatia majani ya tumbaku kilikuwa kiunoni mwake, na kupanda ndani ya ghala mpaka kwenye boriti ile, ukate pazia, kulikuwa ni jambo la dakika. Alikigusa kisu. Akatazama juu. Lugembe alikuwa amezunguka akamwelekea, kitambaa cha macho kimeshuka puani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao, aliyefungwa kamba hakuwa Kashindye.

Kisu kilibaki kiunoni.

Akatoka nyuma ya nguzo, akasimama pale anaposimama manju, mbele kabisa, na kijoho chake cha mbavuni. Aliogopa kweli, aliogopa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Akawaashiria wapiga ngoma washushe mapigo. Akafungua kinywa.

"Aliyetangulia alivaa joho, mzigo alibeba nani?"

Wachezaji walitazamana. Wimbo huo hawakuwahi kuusikia. Hawakujua jibu lake. Duniani watu watatu tu waliujua. Mmoja alikuwa Itetemia akipepeta mtama, mmoja alikuwa akiimba, na mmoja alikuwa akining'inia. Watazamaji waliobaki walisubiri kidogo, mwanamke mmoja akamwinua mtoto wake akaanza kwenda. Kashindye aliona mgongo wa mwanamke yule, akahisi maisha yake yote yanaondoka na mtoto huyo. Akauliza tena, sauti imepasuka.

"Aliyetangulia alivaa joho, mzigo alibeba nani?"

Lugembe huko juu alikuwa na hesabu zake. Alimwona Silasi akicheka, aliona uwanja ukihama, na pengine, mimi sijui, alikumbuka kwamba ule ulikuwa wimbo mzuri. Pumzi ya mstari hakuwa nayo. Pumzi ya neno moja alikuwa nayo.

"KASHINDYE!"

Lile koo lile. Lilitoka hewani likapita juu ya ghala, likapita reli, na watu waliokuwa kwa Silasi wakageuka kutafuta mbingu imesema nini. Mwanamke mwenye mtoto alirudi.

"Aliyeimba alipewa kuku, wimbo alitunga nani?"

"KASHINDYE!"

Ngoma zikaamka. Wachezaji sasa walijua jibu, watoto walijua jibu, mpaka mkuu wa stesheni aliyekuja kuuliza ngazi yake inakwenda wapi alijua jibu. Kashindye naye akaona hofu imemwacha, na ubeti ambao hakuutunga shambani ukamjia wenyewe.

"Manju yuko juu kama popo, kamba kashika nani?"

Hapo Lugembe alizunguka mzunguko mmoja mzima, uso, kaptula, uso. Kisha akatoa sauti ambayo wazee wa Usoke wanasema hawakuisikia tena.

"KASHINDYE!"

Ngazi ilipofika, Kashindye aliwaonyesha kwa mkono wailaze chini kwanza. Jua lilikuwa bado halijazama.

Walishinda. Silasi alikuwa amebaki na chatu wake na mjomba wake. Lugembe alipofikishwa chini alikuwa na mistari miwili myekundu makwapani. Alipokea beberu wa zawadi, akampitisha kwa wachezaji, akaenda kukaa peke yake. Kwenye treni ya kurudi alipanda behewa jingine. Joho lililochanika aliliacha Usoke, kwenye kapi.

Itetemia wakampokea Kashindye kwa vigelegele, na Minza alipika wali. Tangu hapo ukiuliza nyumba ya Kashindye, hakuna aliyekuuliza Kashindye yupi. Walikwambia, "Ah! Yule aliyemtundika Lugembe!" Kashindye alitafakari kauli hiyo siku nyingi, akaona kwamba Lugembe bado yumo.

Msimu wa mvua uliingia. Hakukuwa na mazoezi. Lugembe akimwona Kashindye njiani alipita upande wa pili, naye Kashindye alikuwa na kiburi chake kipya, hakumfuata. Lakini moyoni aliumia. Nyimbo ziliendelea kumjia shambani, na jioni ikifika hakuwa na pa kuzipeleka. Alijaribu kuuimba ule wake mwenyewe kati ya matuta, na akagundua ubaya wake: ukiwa peke yako unajikuta unajiuliza na kujiita mwenyewe, na watu wakipita wanaharakisha. Alimwomba Minza amwitikie.

"Nakuita kila siku uje kula," alisema Minza. "Ile sauti unayoitaka mimi sina."

Ilikuwa kweli. Alilitaka lile koo. Lilikuwa limemtaja mara tatu tu katika maisha yake, mbele ya watu wote, na bado alikuwa akilisikia.

Asubuhi moja, miche ya tumbaku ikiwa imeshika ardhi, walikuwa ndani wakinywa uji. Nje hakukuwa na hodi wala hatua. Kulikuwa na sauti tu, ya mkato, katika tuni ya ule wimbo, na kuku wa uani wakatawanyika.

"KASHINDYE!"

Minza aliweka kikombe chini, akamtazama mumewe.

Kashindye alitoka. Lugembe alikuwa amesimama uani na mzigo begani. Ilikuwa kamba, mpya, imeviringwa vizuri, na alikuwa ameibeba mwenyewe kutoka mjini.

"Mwangaluka," alisalimu Lugembe.

"Mwangaluka, kaka."

"Urambo wametuita. Wanamtaka yule mtu wa kuning'inia." Aliitua kamba miguuni pa Kashindye, akajipapasa kwapa. "Mara ile ilinikata sana. Safari hii uweke kitambaa."

Kashindye aliingia ndani kutafuta kitambaa. Alipekua nguo za watoto, akapekua kanga za Minza akafokewa, mwishoni akakichukua kijoho chake pale kilipotundikwa ukutani. Alikichana katikati kwa kile kisu, akatoka na vipande viwili, kimoja kwa kila kwapa.